Mama Liki: Siku Dada wa Kimandolu Alipompeleka Maza Kula Kifaransa kwa Mlango wa Mbele

Kuna dada mmoja wa Kimandolu, jina kapuni, ambaye kwa miaka tisa aliijua harufu ya chakula cha Kifaransa bila kuijua ladha yake.

Mgahawa wenyewe, jina nalo kapuni, uko dakika saba kwa mguu kutoka kwao. Ukishuka kwenye kifodi pale Kimandolu, barabara ya Moshi, unaacha kelele za boda, unapandisha kwenye vumbi, unakutana na ukuta mweupe na geti la mbao. Nje zinapaki Land Cruiser za utalii na gari mbili tatu zenye namba za mashirika. Jioni upepo ukitoka mlimani, harufu ya siagi na kitunguu swaumu inatembea mpaka kwa muuza chipsi. Mtaani hawasemi jina la mgahawa. Wanasema "pale kwa Wazungu", basi.

Watu wakisikia mgahawa wa Kifaransa Kimandolu wanacheka, kama vile mtu kafungua duka la makoti ya baridi Tanga. Lakini Arusha na Kifaransa wanajuana siku nyingi. Mwaka 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na mahakama hiyo ikaja kukaa Arusha, pale AICC. Ilifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa mpaka ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Miaka yote hiyo mji ulikuwa na majaji, mawakili na wakalimani kutoka nchi za watu wanaoongea Kifaransa. Walipanga nyumba, walileta watoto, na walisikia njaa kama binadamu wengine. Halafu mwaka 2007 ikahamia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo Kifaransa ni moja ya lugha zake.

Dada huyu historia hiyo hakuwa na haja ya kuisoma popote. Ilimsomesha.

Mama yake ana kipande cha shamba pembeni ya kijito, si kikubwa. Zamani kilikuwa cha mchicha, sukuma wiki na migomba. Enzi za mahakama, mpangaji wa jirani, mama mmoja mkalimani kutoka Kameruni, alimuuliza kama analima liki. Bimkubwa hakuwahi hata kulisikia neno hilo. Yule mama akampa pakiti ya mbegu na kumchorea kwenye karatasi.

Kama hujawahi kuiona, liki ni kama kitunguu cha majani kilichonenepa kikakataa kuwa na kichwa. Shina jeupe, refu, halafu majani mapana ya kijani juu. Ule weupe hauji bure. Inabidi uipandishie udongo shinani kila mara, ili shina lisione jua. Unapiga magoti kwenye matope, mstari baada ya mstari, kwa miezi. Majirani walikuwa wanapita na kuuliza, "Mama, vitunguu vyako mbona havifungi?" Yeye anacheka, anaendelea kupandisha udongo.

Mahakama ikafungwa, wapangaji wakaondoka, mkalimani naye akaenda zake. Mteja aliyebaki akawa mmoja: ule mgahawa wa ukuta mweupe. Jumatatu na Ijumaa, tenga la liki, karoti na selari, kwa mlango wa nyuma. Kwenye tenga hilo ndimo ilimotoka ada ya chuo, diploma ya utalii, na hatimaye kazi kwenye kampuni moja ya safari mjini.

Na hapo ndipo ishu inapoanza.

Mwezi wa tatu kazini, bosi alipata wageni, mawakala wawili wa utalii kutoka Ufaransa. Watu wa maana, wa kuleta makundi ya kupanda Meru na Kilimanjaro. Bosi akasema wapelekwe sehemu tulivu wale chakula cha kwao, akachagua wafanyakazi wawili wa kuongozana nao. Mmoja alikuwa dada huyu. Alipoambiwa ni wapi, moyo ulimruka. Miaka tisa ya kupita getini, leo anaingia, tena kwa gari.

Alikopa viatu. Alikesha YouTube akijifunza kutamka majina ya vyakula. Alisoma kila alichokipata, hadi kwamba mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Kifaransa kwenye orodha yake ya urithi wa kitamaduni. Ilichosifia ni desturi ya watu kukaa mezani pamoja kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa, harusi au mtu aliyefanikiwa, wakala kwa awamu bila haraka. Alikariri hilo vizuri, akalisema mezani, na wale mawakala wakafurahi kweli. Bosi akamtupia jicho la "umetisha".

Kilichomshinda kukumbuka ni kwamba siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Aliinuka kwenda msalani, mfanyakazi mwenzake nyuma yake. Njia ya msalani inapita mbele ya jiko. Na pale kwenye korido, akiwa na gambuti lenye matope mpaka kwenye goti, kanga imefungwa kiunoni na tenga tupu mkononi, alisimama mama yake. Mvua ilikuwa imemchelewesha.

Bimkubwa alimwona mwanae na uso wake ukafunguka wote. Alishaanza kufungua mdomo.

"Unamjua?" mwenzake akauliza.

Yule dada akasema, "Hapana. Nadhani analeta mboga tu."

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini korido ile ni ya hatua nne.

Mama yake alisogea ukutani kupisha njia. Akasema, kwa ile sauti ya kuongea na mteja, "Samahani dada, nakuzibia. Pita tu."

Akamwita dada. Mwanae wa kumzaa. Hata shikamoo hakuidai.

Usiku ule alirudi nyumbani saa tano. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka na mama yake amekaa anachambua mahindi ya makande. Aliinua kichwa akauliza swali analouliza siku zote: "Umekula?" Akajibu amekula. "Haya, ulale, kesho kuna baridi." Ikaishia hapo. Kesho yake hivyohivyo, keshokutwa hivyohivyo. Hakuna kununa, hakuna maneno ya mafumbo, hakuna shangazi aliyepigiwa simu. Laiti angegombezwa. Mtu akikugombeza unapata pa kuombea radhi.

Wiki tatu alizibeba hivyo. Mshahara ulipoingia akatoa 150,000 kwa wakala, akazikunja kwenye bahasha. Hiyo kwao ni kodi ya chumba kimoja miezi miwili. Ni mbolea. Ni bati. Alijua mama yake akijua kiasi hicho hatoki ndani, kwa hiyo hakusema.

"Mama, Jumamosi jioni tunatoka."

"Kwenda?"

Alipotaja, bimkubwa alicheka mpaka akashika mlango. "Nikale kwa wateja wangu? Nikalipe liki zangu mwenyewe? Na ng'ombe atakamuliwa na nani?"

Ng'ombe akakamuliwa mapema. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, mama alitoka na kitenge chake cha sikukuu, kile cha kwenda nacho KKKT siku ya mavuno, na viatu vilivyopakwa mafuta. Wakatembea. Walipofika kwenye ukuta mweupe, miguu ya mama ikakata kushoto yenyewe, kuelekea kichochoro cha nyuma. Mwanae akamshika mkono.

"Leo huku, mama."

Askari wa getini alisimama. "Mama Liki! Shikamoo. Leo hujabeba?"

Mama Liki. Dada wa watu hakuwahi kulisikia jina hilo maishani mwake. Nyumbani mama yake anaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, kama mama wengine. Kumbe dakika saba kutoka kwao kuna watu wanaomwita kwa jina jingine kabisa, na wanaliita kwa heshima.

Ndani, yule wa YouTube ndiye aliyekuwa anatetemeka. Menyu ililetwa, Kifaransa juu na Kiingereza chini. Akaanza kujikakamua, kutamka kama alivyojifunza. Mama yake hata hakuifungua. Alimgeukia mhudumu, kijana wa miaka ishirini na kitu, akamuuliza kama anavyouliza kwa mama ntilie: "Mwanangu, leo kuna nini?"

Na yule kijana, ambaye wiki tatu kabla alisimama kama sanamu mbele ya mawakala, akashusha mabega. Akachuchumaa kidogo pembeni ya kiti. "Mama, leo kuna supu ya liki na viazi, liki ni zako za jana. Kuna nyama ya ng'ombe ya kupikwa taratibu, kuna kuku wa uyoga, kuna samaki. Nyama imekaa jikoni tangu saa nane."

"Nyama ya sehemu gani?"

"Shingo na muundi, mama."

"Hizo si ndizo za bei rahisi buchani?"

Kijana akaangalia nyuma kidogo kama meneja hayupo, akacheka. "Ndizo. Ila zinataka muda. Zinachemka taratibu kwenye mvinyo mwekundu, na karoti, na vitunguu, mpaka zilainike."

"Mvinyo?" Mama alikaza macho.

"Ukichemka masaa matatu kilevi karibu chote kinaondoka, mama. Inabaki ladha."

"Ya huyo mwanangu. Mimi nipe kuku."

Hivyo tu. Menyu nzima ilikuwa na Kiswahili chake muda wote, ikisubiri mtu aulize. Dada alikunja simu yake na yale matamshi yote aliyoyakesha, akayaweka kwenye pochi.

Supu ikaja kwenye bakuli jeupe, nzito, rangi ya maziwa yenye kijani kwa mbali, na mkate wa moto pembeni. Mama alifumba macho, akaomba, akaonja. Akaonja tena. Akaweka kijiko chini.

"Huu si mtori?"

"Mama, ni supu ya…"

"Ni mtori. Badala ya ndizi wameweka viazi, badala ya nyama wameweka liki. Wamesaga. Mtori huu."

Na bimkubwa hakukosea sana. Kwa watu wa Meru na Kilimanjaro, mtori ndio anaopewa mzazi akitoka kujifungua, arudishe damu na nguvu. Sasa sikia hii. Paris ya karne ya 18, neno "restaurant" halikuwa jina la nyumba. Lilikuwa jina la mchuzi mzito wa kumrudishia nguvu mtu aliyechoka au anayeumwa. Nyumba zilizouza mchuzi huo ndizo zikaja kurithi jina, mpaka leo dunia nzima. Na hivyo viazi, Wafaransa wenyewe waliviogopa. Ilibidi mtaalamu wa dawa, Antoine-Augustin Parmentier, apambane kwenye karne hiyohiyo kuwashawishi kwamba ni chakula cha watu. Mpaka leo vyakula kibao vya viazi kule vina jina lake.

Hayo ya mchuzi aliyasimulia mpishi mkuu, chalii wa Tengeru aliyeanza pale kwa kuosha vyombo. Alitoka jikoni na aproni yake baada ya supu, akainama. "Shikamoo Mama Liki."

"Marahaba, baba. Mtori wenu umekosa chumvi kidogo."

Jamaa alicheka mpaka meza ya jirani wakageuka. Halafu akamwangalia yule dada.

"Huyu ndiye wa chuo?"

"Ndiye," mama akasema.

"Tunakufahamu sana, dada. Muhula wa pili ulipokwama ada, mama alikuja akasema mnilipe za miezi miwili mbele, nitaleta. Bosi akasita. Sisi wa jikoni tukachanga nusu. Na kweli, hakukosa kuleta hata Ijumaa moja. Mvua, jua." Akanyamaza kidogo. "Mvua ile kubwa pia alileta."

Hakuongeza neno. Wala hakuwa na haja. Usiku ule wa mvua, yeye ndiye aliyekuwa amesimama mlango wa jiko na lile fungu la liki mikononi. Alisikia.

Akarudi kwenye moto wake. Yule dada akabaki na uma mkononi. Nyama ilikuwa imelainika kiasi kwamba kisu hakikuwa na kazi, na yeye hakuweza kumeza.

"Mama. Siku ile pale koridoni."

Mama yake alikuwa anachambua kuku kwenye mfupa, kwa makini, kama mtu asiyetaka kuacha kitu. Hakuinua kichwa.

"Nilikukana, mama."

"Najua. Nilikuwepo."

"Kwa nini hukusema kitu?"

Mama akafuta vidole kwenye kile kitambaa cheupe, taratibu. "Iliniuma. Nisikudanganye. Iliniuma siku mbili. Siku ya kwanza nilisema huyu mtoto sitamsemesha. Siku ya pili nikasema, mimi ndiye niliyetaka asikanyage matope, sasa matope yamekuja kwake akayaruka, nimlaumu? Siku ya tatu liki zilikuwa zinataka maji."

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe. Lakini usifikiri ni kwa sababu ya hii supu." Akasukuma sahani ya mwanae karibu. "Kula hiyo nyama. Imepikwa saa tatu."

Akala. Huku machozi yanashuka, mhudumu akajifanya anapanga glasi.

Mwisho ikaja krimu ya maziwa na mayai, juu imefunikwa sukari iliyochomwa ikawa ngumu kama kioo. Waliagiza moja, vijiko viwili. Mama aliigonga kwa kijiko, ikapasuka. "Wameunguza sukari, halafu wanauza," akasema, na akamaliza zaidi ya nusu.

Bili ilipoletwa, mwanae aliificha. Mama akanyoosha mkono kama mwalimu. Akaisoma mstari kwa mstari, bila miwani, karatasi imeshikwa mbali. Supu mbili, 36,000. Nyama, 42,000. Kuku, 38,000. Krimu, 16,000. Maji, 4,000. Jumla 136,000.

Hakushtuka kama mwanae alivyohofia. Alirudi kwenye mstari wa kwanza akakaa hapo.

"Bakuli moja elfu kumi na nane. Fungu langu moja linatoa bakuli ngapi?"

Mhudumu akasema, bila kufikiri, "Kama sita hivi, mama."

"Na fungu wananipa elfu mbili na mia tano."

Hakuna aliyejibu. Mama alikunja risiti mara nne, akaitia kwenye sidiria, pale pesa za sokoni zinapokaa.

Kabla hawajaondoka, yule dada aliomba wapigwe picha. Mama kakaa wima kama wa picha ya pasipoti, bakuli tupu mbele yake. Aliposti usiku uleule: "Na maza, Kimandolu. Shikamoo mama." Lile neno alilopaswa kulisema koridoni, likatoka wiki tatu baadaye, mbele ya watu mia nne na kitu.

Dakika chache tu, meseji ikaingia kutoka kwa yule mfanyakazi mwenzake. "Subiri. Huyu si yule mama wa mboga???"

Hapo angeweza kutuma emoji ya kucheka, au kuzima data akalala. Aliiangalia simu muda mrefu. Chumba cha pili mama yake alikuwa anakoroma, kitenge kimetundikwa msumarini.

Akaandika: "Ndiye. Ni mama yangu. Siku ile nilidanganya."

Ikapigwa tiki mbili za bluu. Jibu lilikuja asubuhi: "Daah. Pole. Mimi wa kwangu anauza samaki Kilombero, kazini sijawahi kumwambia mtu."

Jumatatu saa moja kasoro, kabla ya kuwahi kifodi cha mjini, dada huyo alibeba upande mmoja wa tenga, mama upande wa pili. Gambuti alikopa la mdogo wake, linambana. Waliingia kwa mlango wa nyuma, maana mzigo ni mzigo. Mpishi akapokea, akahesabu mafungu, akatoa pesa kama kawaida.

Mama hakuzipokea. Alitoa ile risiti, akaikunjua juu ya meza ya jikoni, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Baba, tuongee kuhusu huu mtori."

Alianzia elfu nne. Wamefunga kwa elfu tatu na mia mbili.